Barua za Wasomaji: Mwandishi wa habari aliyefuga mbuzi

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 24, nipo Mafinga. Huu ni mwaka wa pili naandika habari kwa kujitegemea, nalipwa kwa stori iliyotoka tu. Usiku naandika riwaya, nimefika ukurasa wa 60. Wenzangu wananicheka, wanasema aliyezoea kuandika habari hawezi riwaya, kalamu yake imeshakauka. Shuleni tulisoma Shamba la Wanyama, mwalimu akatwambia kuwa mtunzi wake, George Orwell, alikuwa mwandishi wa habari. Aliwezaje? Na alikula nini wakati anaandika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma hapa Uyole mvua ikipiga bati, nikairudia ilipokatika. Nianze na hilo la kula, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi zaidi.

Orwell alihangaika miaka mingi. Aliacha upolisi wa kikoloni kule Burma mwaka 1927, baada ya miaka mitano, hana kazi nyingine mkononi ila nia ya kuandika. Paris aliosha vyombo hotelini. Uingereza alilala na watu wasio na makazi, kwa makusudi, ili ajue wanavyoishi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1933 huku akifundisha shule, kisha akauza vitabu kwenye duka la watu. Mwaka 1936 akapanga kijumba kijijini Wallington, kaskazini mwa London, ambacho zamani kilikuwa duka. Yeye na mkewe Eileen wakalifungua tena, wakawa wanawauzia watoto peremende. Nje walifuga kuku na mbuzi. Mbuzi wao mmoja aliitwa Muriel, na ukiipata riwaya yenyewe kwa Kiingereza utamkuta humo mbuzi wa jina hilohilo. Orwell alikuwa na daftari la mambo ya nyumbani ambamo aliandika kuku wametaga mayai mangapi, siku baada ya siku.

Daftari hilo linaonyesha jicho lake la kutazama vitu vidogo, na hapo ndipo nataka ukae nami kidogo. Mwaka 1947, akiandika dibaji ya toleo la Kiukraine, alieleza wazo la Shamba la Wanyama lilikotoka. Siku moja kijijini alimwona mtoto wa miaka kama kumi anaendesha farasi mkubwa wa mkokoteni kwenye njia nyembamba, anamchapa kila farasi akitaka kugeuka. Akawaza: wanyama hawa wangejua nguvu zao, tusingewaweza. Akaona binadamu anavyomnyonya mnyama sawa na tajiri anavyomnyonya mfanyakazi. Jambo kama hilo, mwanangu, linapita mbele ya macho ya mwandishi wa habari kila wiki.

Nakwambia kwa sababu mtoto huyo na mimi nilimwona. Ilikuwa Usangu, njia ya Rujewa, mwaka 1988, nimetumwa kuandika bei ya mpunga. Kando ya barabara kulikuwa na mtoto amevaa shati la shule lisilo na vifungo, anaongoza maksai wanne wanavuta plau. Mmoja alikuwa na pembe iliyokatika. Kila walipofika mwisho wa shamba mtoto alimwita huyo kwa jina lake, mara moja tu, na yule maksai akageuka, na wenzake wakamfuata. Hakumgusa kwa fimbo. Nilitazama mizunguko mitatu, nikapanda gari, nikaenda kuandika bei ya mpunga. Bei yenyewe leo siikumbuki. Mtoto namkumbuka mpaka tope lililokauka visiginoni, na sikumwandika popote. Linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo wenzako wamekosea. Orwell hakuwa na kalamu mbili. Mwaka huohuo wa 1936 alikwenda kwenye miji ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, akashuka mgodini Wigan. Alikuwa mrefu, zaidi ya futi sita, na ndani ya shimo ilimlazimu kutembea ameinama umbali mrefu kabla hata ya kufika wanapochimba. Hakuandika kwamba wachimbaji wana maisha magumu, akaishia hapo. Aliandika magoti na mgongo. Desemba akaenda Hispania, kulikokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwa na nia ya kuandika makala za magazeti, akajiunga na wanamgambo, na Mei 1937 risasi ikapita shingoni mwake. Kitabu alichoandika kuhusu vita ile kilichapwa nakala 1,500, na mpaka anakufa zilikuwa hazijaisha. Siku ukikata tamaa na kurasa zako 60, ikumbuke namba hiyo.

Shamba la Wanyama lenyewe aliliandika kati ya Novemba 1943 na Februari 1944. Alikuwa ametoka BBC alikoandaa vipindi vya kwenda India, na sasa ni mhariri wa fasihi wa gazeti la Tribune, ana safu ya kujaza kila wiki. Alichoandika mchana, usiku alimsomea Eileen. Wachapishaji wakakataa mmoja baada ya mwingine, akiwemo mshairi T. S. Eliot aliyekuwa kampuni ya Faber, kwa kuwa Urusi ilikuwa upande wa Uingereza vitani na kitabu kinamsema Stalin, kiongozi wa Urusi. Juni 1944 bomu likaangusha nyumba waliyopanga London, mswada ukafukuliwa kwenye kifusi umekunjamana. Ulitoka Agosti 1945, nakala 4,500, zikaisha upesi. Eileen hakuiona siku hiyo, alikuwa amefariki Machi akiwa kwenye upasuaji. Kwa Kiswahili tulikipata mwaka 1967, kwa mkono wa Fortunatus Kawegere.

Na kwa kuwa unatoka kwenye mashamba ya chai: Januari 1946 Orwell aliandika gazetini kanuni 11 za kupika chai, wakati chai Uingereza ilikuwa ya mgao. Alitaka iwe kali, na isitiwe sukari. Aliziandika kanuni hizo kwa umakini uleule wa mgodini.

Nunua kaunta buku ya pili. Ukishatuma habari yako, kabla hujalala, andika humo kile ambacho mhariri hakukihitaji: shati, pembe, jina aliloitwa mnyama. Weka tarehe. Kisha niletee kurasa zako kumi za mwanzo, nitazisoma zote.

SWALI: Mama, George Orwell ni jina lake la kweli? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Hapana. Alizaliwa Motihari, India, tarehe 25 Juni 1903, akaitwa Eric Arthur Blair. Kitabu cha kwanza kilipokaribia kutoka hakutaka kuwaaibisha wazazi kwa habari za umaskini wake, akampelekea wakala wake majina manne achague. Orwell ni mto ulioko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kifua kikuu kilimuua London tarehe 21 Januari 1950, ana miaka 46, akazikwa kijijini Sutton Courtenay. Jiwe la kaburi lina jina alilopewa na wazazi na tarehe mbili. La mto halipo.