Tikagrelori na klopidogreli: ipi inapeleka damu zaidi kwenye moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfamasia msaidizi, naishi Tanga. Baba yangu ana miaka 61. Miezi miwili iliyopita alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti moja (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi), akaruhusiwa na aspirini pamoja na tikagrelori. Kliniki ya juzi wamemtoa kwenye tikagrelori na kumwandikia klopidogreli, kwa sababu alilalamika pumzi inamkatika, na bei nayo ilikuwa inatushinda. Nimesoma kwamba tikagrelori huongeza mtiririko wa damu kwenye moyo kuliko klopidogreli. Je, moyo wa baba sasa utapata damu pungufu? Na dawa hizi zinatofautiana vipi hasa kwenye damu inayofika kwenye msuli wa moyo?

JIBU: Marahaba, na mpe mzee pole. Ulichosoma ni kweli, hakikuzushwa. Ila kinajibu swali jingine, si hili linalokukosesha usingizi.

Kwanza, hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayozibua mshipa. Mshipa wa mzee ulifunguliwa kwa puto na stenti. Kazi ya vidonge ni kuzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazogandisha damu, zisirundikane tena pale utando wa mafuta ulipopasuka au juu ya nyavu ya stenti. Aspirini huzima kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani, kemikali inayochochea chembe sahani zirundikane, na chembe sahani iliyoguswa nayo haipati nafuu tena hadi inapokufa, siku 7 hadi 10 baadaye. Klopidogreli, prasugreli na tikagrelori zote tatu huziba kipokezi kiitwacho P2Y12, ambacho kwacho chembe sahani huitana: moja ikiumia humwaga kemikali ya ADP, nyingine zinaisikia na kuja kujazana.

Kwa hiyo athari yake kubwa kwenye mtiririko ni kuzuia mshipa uliofunguka usifunge tena. Utafiti unaoonyesha hilo vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni CLARITY-TIMI 28 wa mwaka 2005. Wagonjwa 3,491 wenye mshtuko wa moyo walipewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu na aspirini. Nusu yao wakaongezewa klopidogreli, wakianza na miligramu 300. Walipopigwa picha ya mishipa siku chache baadaye, waliokutwa mshipa bado umeziba, pamoja na waliofariki au kupata mshtuko mwingine kabla ya picha, walikuwa asilimia 15.0 upande wa klopidogreli na asilimia 21.7 upande wa pili. La kuvutia ni kwamba dakika 90 baada ya matibabu kuanza, ECG (vipimo vya umeme wa moyo) za makundi yote mawili zilikuwa zinafanana. Klopidogreli haikuharakisha kuzibuka. Ilichofanya ni kulinda mshipa uliokwisha kuzibuka. Matokeo hayo yanatuhusu sana huku kwetu, kwa sababu mgonjwa aliye mbali na kathlabu (chumba cha kupitishia waya na puto kwenye mishipa ya moyo) ya Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi huanza na dawa ya kuyeyusha, si puto.

Tatizo la klopidogreli ni kwamba inaingia mwilini ikiwa haijaiva. Sehemu yake kubwa, kama asilimia 85, huharibiwa kabla ya kufanya kazi yoyote, na iliyobaki lazima ipite kwenye vimeng'enya vya ini, hasa CYP2C19. Wapo watu waliorithi kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, na kwao kidonge kilekile hakifui dafu. Prasugreli nayo huivishwa ini, lakini kwa njia rahisi na ya uhakika zaidi. Tikagrelori haihitaji kuivishwa, inafanya kazi kama ilivyo. Ndiyo maana katika utafiti wa PLATO, mwaka 2009, wagonjwa 18,624, waliofariki kwa magonjwa ya moyo na mishipa au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 9.8 kwa tikagrelori na 11.7 kwa klopidogreli. Prasugreli ilipata ushindi unaokaribiana na huo katika TRITON-TIMI 38 mwaka 2007, kwa gharama ya damu kuvuja zaidi. Mtu aliyewahi kupata kiharusi hapewi prasugreli kabisa.

Sasa tuje kwenye ule mtiririko uliousoma. Mbali na kuziba P2Y12, tikagrelori huzuia seli zisinyonye adenosini, kemikali ya mwili wenyewe, kutoka kwenye damu. Adenosini hulegeza mishipa midogo ya moyo, na ndiyo tunayoitumia kathlabu tunapotaka kujua kama mshipa uliopungua upana unaunyima msuli damu: tunapitisha waya mwembamba wenye kipima presha, tunampa mgonjwa adenosini, kisha tunasoma uwiano wa presha mbele na nyuma ya sehemu nyembamba. Uwiano ukiwa 0.80 au chini, tunajua mshipa huo una lawama. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliwapa wanaume wenye afya njema tikagrelori, wakawaongezea adenosini taratibu, na kasi ya damu kwenye mshipa wa moyo ikapanda kuliko walipopewa kidonge kitupu. Ni matokeo halali. Lakini soma tena: wanaume wenye afya, na adenosini ya kuongezewa kwa mpira. Kutoka hapo hadi kwa mzee mwenye stenti ni mbali.

Na damu kuongezeka peke yake si dawa. Dipiridamoli, kidonge cha zamani kinachogusa chembe sahani na adenosini vilevile, huongeza damu ya moyo sana. Kwa mtu mwenye mshipa mwembamba, mishipa midogo iliyo nyuma ya pale padogo tayari imeshalegea kadiri inavyoweza. Ukilegeza mingine yote, damu inakimbilia upande wenye afya na upande wenye shida unanyang'anywa hata kidogo ulichokuwa nacho. Tunaitumia dipiridamoli kwa sababu hiyohiyo, kufichua ugonjwa kwenye vipimo vya moyo. Kutibu maumivu ya kifua, hapana.

Palipo na hoja ya kweli ni kwenye mishipa midogo baada ya mshtuko. Kuna wakati stenti imekaa vizuri, mshipa mkubwa kwenye skrini umenyooka, lakini rangi ya picha inasuasua kuelekea chini na kubaki imetuama mapigo kadhaa ya moyo badala ya kusafishika. Mfereji mkuu umefunguliwa, vijito vya kwenye matuta vimejaa matope: vipande vya bonge vimesukumwa huko, chembe sahani zimemwaga thromboksani na serotonini zinazobana mishipa, msuli wenyewe umevimba. Hapo ndipo watu walitegemea adenosini ya tikagrelori ing'are. Uholanzi na Uhispania ni kati ya nchi zilizoshiriki kwenye utafiti wa REDUCE-MVI, wagonjwa 110 waliopewa ama tikagrelori ama prasugreli, kisha ukinzani wa mishipa midogo ukapimwa kwa waya baada ya mwezi. Tikagrelori haikuonyesha ubora wowote juu ya prasugreli, ambayo haina habari na adenosini. Mwaka huohuo wa 2019, ISAR-REACT 5, wengi wao Wajerumani, ilizilinganisha dawa hizo mbili kwa wagonjwa 4,018: matukio mabaya kwa mwaka yalikuwa asilimia 9.3 kwa tikagrelori na 6.9 kwa prasugreli. Kama adenosini ingekuwa ndiyo siri ya ushindi wa PLATO, hesabu hii ingegeuka. Mimi naamini siri ni P2Y12 kuzibwa mapema na kikamilifu, basi.

Turudi kwa mzee. Hatari ya damu kuganda ndani ya stenti ni kubwa zaidi katika mwezi wa kwanza, na huo aliupita akiwa kwenye dawa kali. TALOS-AMI ya Korea Kusini, 2021, ilifanya hivyohivyo alivyofanyiwa: wagonjwa 2,697 wenye mshtuko wa moyo walitumia tikagrelori mwezi mmoja, kisha baadhi wakahamishiwa klopidogreli. Waliohamishwa walipata matatizo machache zaidi, asilimia 4.6 dhidi ya 8.2, na faida kubwa ilitokana na kutovuja damu. Hao walikuwa Wakorea, waliotulia baada ya mwezi, kwa hiyo sikwambii ni sheria kwa kila mtu. Lakini uamuzi wa kliniki una msingi. Na klopidogreli anayoimeza kila siku inamlinda kuliko tikagrelori anayoruka dozi ya jioni kwa sababu pesa imeisha.

Pumzi kukatika ni tatizo linalojulikana la tikagrelori. Kwenye PLATO lilipata asilimia 13.8 ya waliotumia. Mara nyingi si mapafu wala moyo kushindwa. Hata hivyo, likiendelea wiki moja au zaidi baada ya kuacha dawa, arudi apigwe ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), msiipe dawa lawama zote.

Wewe ni wa duka la dawa, kwa hiyo angalia mambo haya. Omeprazoli na esomeprazoli hudhoofisha klopidogreli kwa sababu zinagombea CYP2C19. Kama anahitaji kinga ya tumbo, muulize daktari wake kuhusu pantoprazoli. Asinunue diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo. Mgonjwa wa TB anayetumia rifampisini hafai tikagrelori, maana inasafishwa haraka mno, na anayetumia ritonaviri, dawa ya VVU, hafai pia, kwa sababu iliyo kinyume: inamlundikia. Kwenye dirisha lako utakutana na wote wawili. Na mtu akimwambia mzee aache vidonge vyote viwili ili ang'olewe jino, asikubali kabla hujampigia daktari wa moyo.