Mwanangu, kuhusu mtu wa kumwangalia mama mkwe wako

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza jana baada ya isha nikairudia tena asubuhi, maana ulikuwa unaongea huku unalia maneno mengine hayasikiki. Poleni sana wewe na mwenzio. Nilivyoelewa ni kwamba mama mkwe anaruhusiwa Muhimbili wiki ijayo, kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia na maneno hayatoki, wifi yako anataka ile kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani kwa sababu wana yunifomu na wana manesi, mumeo anaona hela ni nyingi bora aletwe binti kutoka Muheza, na wewe umewekwa kati unaambiwa "si mama yako alikuwa nesi, hebu muulize". Haya, nakujibu.

Naona mnabishania kampuni au binti wakati kazi yenyewe hamjaijua. Kabla hajaruhusiwa nenda wodini ukae na nesi wa zamu siku nzima, mumeo na yeye aende, mwambieni awaonyeshe kila kitu anachomfanyia. Chukua karatasi uandike siku ya mgonjwa kuanzia alfajiri mpaka alfajiri nyingine, anageuzwa saa ngapi, anakulaje, choo anakwendaje au ni pampasi, dawa za presha zipi na saa ngapi, mpira wa mkojo umeshatolewa au anarudi nao. Hiyo karatasi ndo itakwambia unatafuta mtu gani. Akirudi na mpira wa mkojo, au wa puani wa kupitishia chakula, au ana kidonda cha kusafisha, au sindano, hapo lazima nesi, na nesi wa Tanzania ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwambie akuonyeshe uangalie jina na tarehe ya kuisha, usione aibu, mwenye nayo hakasiriki kuulizwa. Ila kama hana hivyo vitu, kazi inayobaki ni kuoga, kula, kugeuzwa, kunyanyuliwa, mazoezi aliyoagiza fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kupigishwa stori, na hiyo anaiweza mhudumu aliyefundishwa vizuri halafu nesi anapita mara moja kwa wiki kukagua. Kumlipa nesi usiku na mchana kwa ajili ya kubadilisha pampasi mtamaliza hela ya fizio, na mgonjwa wa kiharusi miezi ya mwanzo ndo mwili unarudi kwa kasi, fizio ikikosekana sasa hivi baadaye inakuwa kazi ngumu sana.

Hao wa kampuni ukiwapigia watakwambia watu wao wote ni wataalamu. We waulize huyo atakayekuja amefundishwa wapi na kwa muda gani, nani anamsimamia na je huyo msimamizi anafika nyumbani au anapiga simu tu, siku mhudumu akiumwa mwingine anafika saa ngapi, na atakuwa yuleyule mwezi mzima au kila wiki sura mpya. Afu waulize hela mnayolipa yeye mwenyewe anapata shilingi ngapi. Watashtuka, lakini uliza. Mtu anayelipwa kidogo anaondoka akipata pengine, na kila akiondoka mmoja mama mkwe ambaye hawezi kusema anaanza upya na mgeni, hawezi kumwambia bega hili linauma wala mimi sinywi chai ya maziwa. Kwa mgonjwa asiyeongea kubadilishiwa watu ovyo ni mateso, hilo nimeliona sana.

Na mtu usimchague sebuleni akiwa amekaa na soda. Mpeleke kitandani kwa mgonjwa, mwambie amkalishe na amlishe, we simama pembeni uangalie mikono yake. Je amemsalimia kabla ya kumgusa? Amemwambia nataka kukuinua, au amemkamata tu? Ule mkono uliolegea akiuvuta kumnyanyulia, huyo hajui kazi, bega la upande wa kiharusi linatoka mahali pake kirahisi na likishatoka maumivu yake hayaishi upesi. Kwenye kulisha ndo uwe makini zaidi, amkalishe wima kabisa, kijiko kidogo, asubiri ameze, kisha aangalie ndani ya shavu la upande uliolegea maana chakula kinabaki humo mgonjwa hana habari. Akishakula asilazwe, akae kama nusu saa. Watu wanaogopa ugali wanampa maji na juisi wakidhani ni laini, kumbe vitu vyepesi ndo vinakimbilia kwenye mapafu, mkisikia anakohoa kila akinywa au sauti imekuwa kama ina maji kooni acheni kumnywesha, murudisheni kwa daktari, nimonia inaua wagonjwa wa kiharusi wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua.

Muulize pia mgonjwa wa kulala anageuzwa baada ya muda gani. Jibu ni kila masaa 2, na akwambie sehemu anazokagua, juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, pagusa, pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni yake, au peusi zaidi, kidonda kimeshaanza chini kwa chini, asilalie tena hapo.

Sasa kuna jambo wifi yako na mumeo hawakuligusa kabisa. Mama mkwe mwenyewe ameulizwa? Kukosa maneno si kukosa akili, anawasikia hapo mnapojadili bei mkiwa mmesimama pembeni ya kitanda chake. Mama yule namjua, mtu wa stara, hajawahi kutoka bila baibui, leo mtu asiyemjua ndo anamvua nguo kumuogesha. Mumeo hawezi kumuogesha mama yake na asilazimishwe, mhudumu awe mwanamke, na amuogeshe sehemu kwa sehemu huku kwingine kumefunikwa khanga, mlango umefungwa, wajukuu wamekwenda kucheza. Na swala yake, atiwe udhu, akishindwa atayamamu kwa udongo safi badala ya maji, aelekezwe kibla hapohapo kitandani, mhudumu aambiwe hilo mapema hata kama yeye ni Mkristo, si lazima aswali, inatosha akijua kusaidia. Mtafutieni njia ya kujibu, abonyeze mkono wa kushoto mara moja kwa ndiyo, ila uanze na maswali ambayo jibu lake unalijua, mfano je, hapa ni Tanga? je, huyu ni mwanao? uone anajibu sawa, maana kiharusi cha upande huo saa ingine kinachanganya ndiyo na hapana. Akishakuwa sawa mwonyeshe huyo mtu umuulize, unamtaka? Akikataa, tafuteni mwingine.

Huyo binti wa Muheza simkatai, wapo mabinti wana mkono mzuri na huruma kushinda waliosoma. Lakini akija aje kwa kazi hiyo moja na aje kabla mgonjwa hajatoka, ashinde wodini na fizio afundishwe. Msimlete kuuguza halafu apike kwa nyumba nzima, afue yunifomu za watoto, na usiku aamke kila masaa mawili, mwezi wa pili atakuwa amechoka na mtu aliyechoka mkono wake unakuwa mzito kwa mgonjwa, hata kama roho yake nzuri. Sheria ya ajira ya 2004 inamhusu na yeye, masaa 45 kwa wiki, siku moja ya kupumzika, likizo ya siku 28 kwa mwaka na mkataba wa maandishi, na aandikishwe NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukipiga hesabu ya hayo masaa utaona mwenyewe mtu mmoja haitoshi hata kidogo, na hapo ndo familia inaingia. Usiku mgawane, wewe, mumeo ageuze na kunyanyua hiyo haina aibu, na wifi yako achukue Jumamosi na Jumapili, maana naona ana maneno mengi ya kampuni ila zamu yake sijaisikia.

Ukiniuliza mimi ningefanyaje, ningechukua mhudumu mmoja mwanamke wa mchana kutoka kampuni kama yale maswali wameyajibu vizuri, kwa majaribio ya wiki mbili kwanza msilipe miezi mitatu mbele, nesi apite kila wiki, fizio isikatwe kwa sababu yoyote, na usiku ni wenu. Wekeni daftari pale mezani aandike dawa, chakula, choo, saa aliyomgeuza, na siku moja moja urudi saa sita bila kumwambia mtu. Ukikuta michubuko isiyo na maelezo, au mama mkwe anakaza mwili mtu huyo akiingia, au analala mno mchana kutwa, usianze kikao cha ukoo, mtoe huyo mtu siku hiyohiyo.

Kazi usiache. Najua wataanza kukwambia, we mkwe ndo unafaa kukaa nyumbani, mjibu mumeo kwa upole kwamba mshahara wako ndo unaolipa nusu ya hela ya fizio.

Lile godoro la upepo alilokuwa analalia bibi yako lipo, nimelifuta, pampu nimeiwasha inafanya kazi. Nalipakia kwenye basi la Jumatano asubuhi, mumeo alipokee stendi ya Magufuli. Kugeuza kila masaa 2 kunabaki palepale hata akilalia hilo. Ukishaandika ile karatasi ipige picha unitumie kabla hamjamwita mtu yeyote wa kampuni, niisome kwanza.

Mama yako