Mkunga mwenzangu, muulize na mama, sio mtoto tu

Nina mwaka wa pili kazini, nimezalisha wengi tu na waliochanika nawashona vizuri, ila kuna mama mmoja namuwaza mpaka leo. Alikuja chanjo ya wiki 6, mtoto kilo zimepanda, nikachoma sindano nikajaza kadi, wakati anambeba mtoto akasema kwa sauti ndogo "nesi, mi silali hata mtoto akilala". Nikamjibu ndo uzazi huo mama, utazoea, nikaita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu lakini hiyo sio sababu. Wiki ya 10 mtoto aliletwa na bibi yake, mama alikuwa amejaribu kujiua, majirani wakamuwahi.

Sasa nyie mnaoanza, lile neno lake lishikeni. Mzazi kulia lia siku ya 3 mpaka ya 5 ni kawaida na mara nyingi inaisha yenyewe, ikivuka wiki 2 hiyo tena sio kudeka, hapo fikiria sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na anayekosa usingizi hata akipata nafasi ya kulala msimuache aondoke hivi hivi. Muulize akiwa peke yake, mi huwa namwambia mama mkwe naomba mshike mjukuu hapo nje kidogo, maana mbele yake utajibiwa "niko sawa" kila siku. Yapo yale maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona kwa mama aliyejifungua, yanatumika tangu 1987, la mwisho ndo wengi tunaliogopa, la kujidhuru. Uliza tu, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mi nasema hivi: "kuna wakati unaona bora usingekuwepo?" halafu nanyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu. Akisema ndiyo harudi nyumbani peke yake, anaonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Na yule anayesikia sauti, haongei ya kueleweka, halali kabisa, hasa wiki 2 za mwanzo, ni dharura kama anayetoka damu, ndugu wakisema ni mashetani ongea nao kwa heshima ila gari liitwe. Jamani, msimwambie mama achague dawa au kunyonyesha, zipo dawa anazotumia huku ananyonyesha, daktari atampangia.

Namba ya mratibu wa afya ya akili wa wilaya itafuteni leo, mbandike ukutani pale pa chanjo, sio siku mama amekaa mbele yako analia ndo unaanza kuulizia.