Maswali ya Wasomaji: Lori la mafuta likilipuka, hospitali ya wilaya ianzie wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi mfawidhi katika hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu ya malori ya mafuta. Usiku tunabaki na daktari mmoja na wauguzi sita. Tangu mkasa wa Morogoro najiuliza: wakiletwa majeruhi thelathini wa moto kwa mpigo, tuanze na nini?

JIBU: Muuguzi mwenzetu, anzeni na mlango. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka. Waliofariki hatimaye walizidi 100. Majeruhi wa mkasa kama huo hawasubiri gari la wagonjwa. Huja kwa bodaboda, bajaji na pikapu, na mara nyingi wenye nafuu ndio hutangulia, wakajaza vitanda kabla mahututi hawajafika. Fungeni milango mingine, mbaki na mmoja. Hapo asimame muuguzi mzoefu ambaye kazi yake ni kupanga tu. Akianza kutibu, foleni imeharibika.

Kila majeruhi apewe chini ya dakika moja, kisha rangi ya uharaka wake: nyekundu atibiwe kwanza, njano afuate, kijani asubiri, mweusi hana tena dalili ya uhai. Anayetembea ni kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni mweusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au asiyeshikika mapigo kwenye kifundo cha mkono, au asiyeweza kufuata agizo dogo kama "fumba macho", ni mwekundu. Waliobaki ni njano.

Lakini kwa moto, kijani hudanganya. Aliyeungua uso anaweza kuingia kwa miguu yake akiongea, na saa chache baadaye koo likavimba na kuziba. Sauti ya kukwaruza, masizi mdomoni au vinyweleo vya pua vilivyoungua: mhamishieni nyekundu na mwiteni daktari aweke mpira wa kupumulia mapema, kwa sababu koo likishavimba huenda usipite tena.

Kisha hesabuni dripu leo, kabla ya siku yenyewe. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya asilimia 20 ya mwili huhitaji Ringer (maji ya dripu yenye chumvi) mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia, ndani ya saa 24. Mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 40: 4 × 60 × 40 = mililita 9,600. Nusu, yaani 4,800, iingie katika saa 8 za kwanza, na saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua. Hapa ndipo wengi hukosea. Akifika saa mbili baadaye, zimebaki saa sita, hivyo ni mililita 800 kwa saa. Wagonjwa kumi wa aina hiyo humaliza karibu chupa 200 za nusu lita kwa siku moja. Nendeni stoo mkahesabu mlizonazo. Fomula ni ya kuanzia tu; kinachoamua kuongeza au kupunguza ni mkojo, na kwa mgonjwa huyu lengo ni kama mililita 30 kwa saa. Walioungua chini ya asilimia 20 na wanaoweza kumeza, wapeni ORS wanywe, dripu zibaki kwa wengine.

Wekeni pia mafaili 50 yenye namba tayari, kila moja na utepe wa mkononi wa namba ileile. Msisubiri jina; aliyeungua uso hata nduguye huenda asimtambue, na damu iliyoandikwa "mwanamume asiyejulikana" ni rahisi kumfikia asiye wake.

SWALI: Jenereta letu huwashwa kila Jumatatu na linawaka vizuri. Linatosha?

JIBU: Kuwaka bila mzigo hakuthibitishi chochote. Kila mwezi zimeni umeme wa gridi kwa makusudi, mkiwa mmejipanga, thieta na mashine za kuzalisha oksijeni zikiwa zinafanya kazi, liendeshwe nusu saa au zaidi. Mara nyingi kinachogoma ni betri ya kuwashia, au dizeli iliyokaa muda mrefu ikaingia maji. Na kwa kuwa mashine za oksijeni huzima pamoja na umeme, wekeni mitungi mikubwa iliyojaa karibu na wodi: mtungi wa lita 6,800 kwa lita 10 kwa dakika hudumu kama saa 11. Spana ya kuufungulia ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe.