Kuhusu ile 504

Mwanangu Mwanaisha,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ununue ile Peugeot 504 ya 1979 uliyoiona Thika, au Toyota Premio ya 2018. Nami nakuuliza: fundi wako ni nani? Tangu uko shule nakwambia, anayenunua gari hununua na fundi.

Ile 504 yetu nyeupe wewe unakumbuka viti tu, ulivyokuwa ukizama ukalala. Ulikuwa hujazaliwa usiku ilipotuzimikia Mackinnon Road, mimi na mamako tukitoka msibani Voi. Akanimulikia tochi, nikafungua distributa inayogawia plagi moto, nikazisugua pointi zake, vile vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana, kwa ubavu wa kiberiti. Ikawaka papo hapo! Mamako alicheka mpaka Mariakani. Kwenye Premio utasugua nini? Taa ya injini ikiwaka, umtafute mwenye mashine ya kuisoma. Na hizo gia za CVT, zinazojibadilisha zenyewe, zikitiwa mafuta yasiyo yake, giaboksi imekwenda.

Lakini nisikudanganye. Premio ina mifuko ya hewa, na wewe unambeba mjukuu wangu usiku. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road, Nairobi. Za 504 ni za kuzungukia. Ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, sisi vijana tukaona gari ni hiyo tu, ila ushindi ule hautakuletea rejeta leo. Hata hivyo, fundi akiwa mzuri rejeta huzibwa. Anayenunua gari hununua na fundi.

Yetu niliiuza bila kumshauri mamako. Dalali aliniapia kwamba anaitaka ya kutembelea. Miezi mitatu baadaye nikaenda kwa wauza vyuma chakavu kumtafutia ami yako kioo, nikaukuta mlango wa nyuma umeegemezwa ukutani, na ile M uliyoichora kwa msumari bado ipo. Siku ile ulipoichora nilikuchapa. Nilitaka kuununua mlango ule, nikaona haya, nikaondoka. Mamako sijamwambia mpaka leo.

Uamuzi nakuachia wewe na mumeo, ingawa ulimi unaniwasha. Ila usitoe hata shilingi kabla fundi hajainua zulia la hiyo 504 akaigonga sakafu kwa bisibisi. Akikuta hakuna kutu, nipigie mimi kwanza.

Babako