Chumvi kwenye jani la mchu: kwa mwalimu anayeanza kazi Lamu

Mwalimu mgeni, kabla hujaandika andalio la somo, uliza mwezi mwandamo ni tarehe ngapi. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliwatoa watoto wa Gredi ya 5 saa 4 asubuhi twende tukatazame mikoko, tukakuta maji yamejaa, mizizi yote imezama. Watoto walijua tangu darasani. Hawakusema, kwa kuwa mwalimu hakuuliza.

Siku hizi nafuata bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu, maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukiahirisha safari kwa wiki moja, saa ileile utakuta maji yamejaa, tena ni maji mafu, yasiyopwa sana.

Kuhusu swali dadisi, lile la kwenye andalio linaloongoza somo: wengi huandika "Mikoko ina faida gani?" Hapo hakuna udadisi. Mtoto ambaye babake hukata mikoko anazijua fito, pau, mazio na boriti, majina ya nguzo za mikoko kwa unene wake, kukushinda wewe. Mimi huuliza hivi: mchicha ukiumwagilia maji ya bahari hufa, mbona mikoko haifi?

Mara ya kwanza mmoja alijibu, "Hunywa maji ya mvua tu." Ulimi uliniwasha nimsahihishe. Nikajizuia, nikawaambia walambe majani. La mchu, aina mojawapo ya mikoko, lilikuwa na chumvi. La mkoko wenyewe, aina nyingine inayoitwa kwa jina hilohilo, halina. Nikadhani tumemaliza, lakini binti mmoja akakataa: "Mwalimu, hayo ni maji yamerukia tu."

Pingamizi kama hilo usilizime. Nilimuuliza tutajuaje, na mpango wakautunga wenyewe: jani la mchu na la mkoko yaliyo kimo kimoja, miti iliyopakana, wayaoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ya dumu, wayafunge uzi mwekundu, warudi kesho. Kesho yake mchu ulikuwa na chumvi tena, mkoko hauna. Kama ni mawimbi, wakasema, yangeyarukia yote mawili.

Hapo ndipo nilipoeleza kwamba mkoko huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, na mchu huiacha nyingine ipite kisha huitoa kwenye majani. Yule binti akaandika daftarini: "Mkoko hufunga mlango, mchu hufagia nyumba." Mimi nisingepata maneno hayo.

Mengine ni ya kawaida. Vaa viatu vya kufunga. Kandambili humezwa na matope, na utapoteza nusu saa ukizitafuta za watoto thelathini. Wahesabu kwenda na kurudi. Jiwe lililofunuliwa lirudishwe lilivyokuwa, kwa maana chini yake kuna wanaoishi. Kombe tupu zibaki ufuoni pia. Kuna kaa wanaozihamia, na mtoto akimwona mmoja akibadilisha nyumba hataomba tena kuzibeba. Na mzazi akilalamika kwamba unawapeleka wanawe kucheza matopeni, mwalike. Mmoja wangu alikuja amekunja uso, akaishia kutufundisha kuutambua mlilana, aina nyingine ya mikoko, kwa mizizi yake.

Wiki iliyopita wamenijia na jingine: mbuzi wa jirani hula majani ya mchu, je, kiu humzidi? Wamekwisha kuomba ndoo mbili za kupimia maji.