Usilifumue Gari Lote: Niliyojifunza kwa Volkswagen Mbili za Kale

Jumapili jioni, wikiendi ya pili tangu nilinunue gari, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaitazama kazi yangu kwa fahari. Milango imeegeshwa ukutani. Madigadi manne yamelala chini kama magamba ya kobe. Injini iko pembeni, viti vimepandana, na bolti, nati na skrubu zote za gari zima zimo kwenye ndoo mbili. Zote, zimechanganyika. Nikajiambia nusu ya kazi imekwisha.

Gari lile, Volkswagen ya kobe, yaani Beetle, ya mwaka 1970 yenye injini ya cc 1300, lilikuja kukanyaga barabara miaka minne baadaye. Baada ya hapo nilinunua jingine la aina ileile, la 1968, lenye kutu zaidi kuliko la kwanza. Hilo lilinichukua mwaka mmoja na nusu. Mikono ni ileile na spana ni zilezile, ila safari ya pili sikulifumua gari lote.

Kufumua kuna utamu wake, na hapo ndipo penye mtego. Kila nati inayolegea unaona maendeleo kwa macho. Kurudisha ni kinyume: unashinda Jumamosi nzima na beringi moja, na ukisimama kuangalia, gari ni lilelile. Mtu akishalitapanya lote chini, anakuwa hana gari tena, ana mzigo wa vyuma, na mzigo wa vyuma haukuiti uamke mapema uende kuushughulikia. Magari mengi ninayoyaona juu ya mawe, yamefunikwa turubai, hayakushindwa na ugumu wa kazi. Yalifumuliwa haraka mno.

Sasa ninafuata sharti moja: kazi moja ifungwe kabla nyingine haijafunguliwa, na kila nikinawa mikono Jumapili jioni, gari liweze kusukumwa kwa magurudumu yake. Breki kwanza. Kisha mipira ya petroli, nyaya, injini, bati, na rangi mwisho kabisa. Najua kila mtu anataka kuanza na rangi. Ukianza nayo utaikwaruza mwenyewe.

Lakini tuanze na kununua. Anayeanza hulisikiliza gari: anafungua boneti, anapiga stata, injini ikinguruma vizuri anatoa pesa. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana injini huwa imeshaoshwa. Kwenye kobe injini ndiyo shida ndogo kuliko zote. Inashikwa na bolti nne kwenye gia, na watu wawili wanaitoa asubuhi moja. Shida ni kutu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe chini ya milango, kuzunguka taa na kwenye kingo za madigadi. Ikigoma kushika, hapo hakuna bati, kuna puti ya kuzibia mashimo. Halafu inua kiti cha nyuma. Betri ya kobe hukaa hapo, upande wa kulia, na tindikali yake imekula sakafu za magari mengi. Kwenye lile langu la kwanza niliinua zulia nikaona majani.

(Ukiwa bado hapo, hakikisha betri ina kifuniko. Springi za kiti zikibonyea zikagusa vichwa vya betri, kiti kinaweza kuwaka moto huku umekikalia.)

Chagua pia gari lililotengenezwa kwa wingi. Kobe zaidi ya milioni 21 zilitoka viwandani hadi ya mwisho ilipokamilika Puebla, Mexico, Julai 2003, ndiyo maana hadi leo kuna wanaotengeneza vipande vya sakafu, mipira ya milango na hata vitasa vyake. Gari la nadra lina heshima zaidi kwenye maonyesho, lakini ukivunja kioo chake utajuta.

Kuhifadhi bolti kunaonekana kazi ya kitoto. Mimi ndoo mbili zile zilinila miezi. Sasa kila kinachotoka kinaingia kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki, na juu yake naandika sentensi nzima. Usiandike "bolti za nyuma", kwa sababu baada ya mwaka mmoja nyuma ni kukubwa sana. Andika: "Bolti za madigadi ya nyuma kushoto na washa zake, moja imekatika, tafuta nyingine." Piga picha kabla hujagusa kitu, na nyingine mkono wako ukiwa umekionyesha. Na kama kifaa kinaweza kubaki na bolti zake, zirudishe kwenye matundu yake uzikaze kwa vidole. Hakuna mfuko unaoshinda tundu lenyewe.

Nati zilizoganda zinataka subira kuliko nguvu. Ninachanganya oili ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, natikisa, napaka, na kesho yake napaka tena. Siku ya tatu naanza kwa kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ili kutu ipasuke. Nati kubwa ya gurudumu la nyuma ni kesi nyingine. Inataka soketi ya milimita 36, na hukazwa kwa nguvu ya karibu nyutoni-mita 300, tena na kutu ya miaka hamsini juu yake. Ilegeze gari likiwa chini, tairi zimekanyaga, breki ya mkono imevutwa. Mimi nilipandisha gari kwanza, nikaingiza bomba refu kwenye mpini wa spana, nikaninginia. Nati haikusogea. Gari ndilo lililosogea, likateleza kwenye jeki na kutua huku mguu wangu ukiwa shubiri moja pembeni. Tangu siku ile siingizi hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia; linapobaki juu, libebwe na stendi imara za chuma, zimesimama mahali pagumu.

Kwa vyuma vidogo vilivyooza kutu, jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kutumia umeme. Unahitaji ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, na chaja ya betri ya kizamani. Chuma chenye kutu unakifunga kwenye waya wa hasi, kinaning'inia majini. Waya wa chanya unaufunga kwenye kipande cha chuma chakavu, na viwili hivyo visigusane. Washa chaja, utaona mapovu. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakikuliwa hata kidogo. Kausha upesi upake rangi ya msingi, la sivyo itaota kutu mpya kabla ya jioni. Mapovu yale ni haidrojeni, kwa hiyo fanya kazi nje, na uzime chaja ukutani kabla ya kugusa vibanio. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kwa kuwa maji yataingia kromiamu yenye sumu. Usitie chumvi ya mezani badala ya magadi, itatoa klorini. Na alumini usiiweke kabisa, itayeyuka. Kabureta yangu ya kwanza isingenisamehe.

Sasa vizingiti. Hapa ndipo gari langu la kwanza liliponifundisha kwa nini kufumua lote ni kosa, mbali na kukatisha tamaa.

Bodi ya kobe imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yake ya chuma, na chini ya kila mlango kuna kizingiti chenye uwazi ndani, kinachopitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini. Kizingiti hicho ndicho kinachoishika bodi isijikunje, na ndicho kinachooza kwanza. Mimi nilikuwa nimeshang'oa milango na kuinua bodi. Nikachukua grinda, nikakata vizingiti vyote viwili siku moja, nikachomelea vipya kwa ustadi niliojivunia. Nilipokuja kurudisha milango, wa kushoto ulifunga vizuri. Wa kulia uligonga nguzo ukarudi. Bodi ilikuwa imelegea katikati bila mimi kujua, nami nikaichomelea ikiwa imelegea vilevile.

Nilimwita fundi mmoja mzee, mchomeleaji, aje aone. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza, "Kijana, ulipokata, ulikuwa unapima na nini?" Nikamwambia futi. Akacheka. "Mlango ndio futi yako. Wewe futi umeiegesha ukutani."

Tulikata upya. Alinionyesha kuchomelea kwanza mabomba ya mraba ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na jingine la kukatiza kutoka upande hadi upande, kabla grinda haijagusa kitu. Kisha unakata upande mmoja tu. Kizingiti kipya unakishika kwa nukta chache za kuchomelea, unapachika mlango, unaufunga, unatazama nafasi kati ya mlango na nguzo kuanzia juu mpaka chini. Ikiwa sawa, unaendelea. Isipokuwa sawa, nukta nne ni rahisi kukata kuliko mshono mzima. Kwenye gari la pili nilifanya hivyo, na milango haikunisumbua.

Nyaya zina hadithi hiyohiyo. Waya mbovu nabadilisha mmoja mmoja, mpya ukipita njia ya ule wa zamani, badala ya kung'oa mkungu wote na kubaki na tambi za rangi saba. Magari ya Kijerumani yana neema yake: kwenye vichwa vya swichi na relei kumeandikwa namba. Namba 30 ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni moto unaokuja baada ya kufungua swichi, 31 ni ethi, yaani umeme unaorudi kupitia bati la gari, 50 inakwenda stata. Ukizijua hizo nne umeshatatua nusu ya matatizo ya umeme ya gari zima.

Breki sitazisemea sana. Badilisha mipira yake yote hata kama inaonekana mizima. Mpira wa breki wa zamani huvimba kwa ndani ukaziba huku nje unang'aa. Mipira ya petroli vilevile, kwa sababu injini iko nyuma na petroli ikidondokea injini ya moto huoni mpaka moshi ufike kwenye kioo. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, lina asbesto, lilowanishe ulifute. Na dawa ya kusafishia breki, ile yenye klorini, isikaribie mahali utakapochomelea. Ikiungua hutoa fosjini, gesi ileile iliyoua watu kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye kobe tangi la petroli liko mbele: ukichomelea huko, litoe lote, na usijidanganye kwamba ni tupu. Tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Injini ilinipa kazi ndogo kama nilivyosema. Rekebisha valvu injini ikiwa baridi. Zangu ninaziweka milimita 0.15. Oili ni lita 2.5 tu, na hakuna filta, ni chujio la waya, kwa hiyo nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kubishana.

Rangi nimempa mtu mwenye chumba chake. Nilipiga msasa mwenyewe, nikaweka puti nyembamba mwenyewe, lakini rangi za kisasa za kuchanganya na hadena, yaani kigumisho, zina aisosayanati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Kuna wanaoona kwamba ukimlipa mtu sehemu hiyo gari si kazi yako tena. Wao wana mapafu yao.

Gari la pili lilipokwisha, mifuko yote ya plastiki ilikuwa mitupu. La kwanza lilibakiza bolti kumi na moja kutoka kwenye ndoo zile, na mpaka leo sijui ni za wapi. Nimeziweka kwenye chupa ya kioo juu ya rafu, na kila gari lile likitoa mlio mpya kwa nyuma, macho yangu huenda kwenye chupa kabla hata sijazima injini.